Kampuni Haina Shavu

Baba,

Ile alama iliyo mlangoni ni ya sufuria, usije ukawaambia wageni ni ya panga. Jioni hii nimeipitishia kidole mara kadhaa. Kama ungechelewa kuinama, kesho ungesafiri na bendeji kichwani, na mimi ningekuwa nimerudia kosa nililoapa sitalirudia. Nisamehe. Ile githeri ya mahindi na maharagwe ilikuwa moto na mimi nilikuwa moto kuishinda.

Umeenda Mweiga kumuaga mama mdogo, nyumba imenyamaza, basi nimekaa kuandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Gikuyu cha kuandika kinakushinda wewe, na Kiingereza chako cha ofisini kinanishinda mimi. Tukutane hapa katikati. Habari za kufua soksi na kuchemsha maji ya kunywa nitaziacha. Umesomea mambo ya hoteli na utalii, hutashindwa na soksi.

Unajua nakuita baba kwa sababu umebeba jina la baba yangu, Githinji. Kila nilipokuita hivyo, hata ulipokuwa mtundu wa kupigiwa mfano, hasira yangu ilishuka kidogo. Juzi haikushuka. Ulisimama pale jikoni na shati jipya la buluu, una twiga mdogo kifuani, unacheka mpaka magego yanaonekana.

"Mum, nimepata! Assistant manager, Kakamega. Wanafungua park mpya."

Mimi nikaona twiga. Nikauliza kama ni kampuni ile.

"Si ile, Mum. Ile iliuzwa. Saa hii iko na wenyewe wengine kabisa, investors wapya. Ni jina tu imebaki."

"Na huyo twiga?"

"Twiga ni brand, Mum."

Hapo ndipo sufuria iliporuka. Kuna jambo ambalo wewe na mimi tuliliona kwa macho yetu, na tangu siku ile hatujalizungumza, kana kwamba ni maiti tuliyemfungia chumba cha nyuma. Siwezi kukuacha upande gari kesho kabla hatujaufungua mlango huo. Ndiyo sababu ya barua hii.

Wewe unapakumbuka Kwa Ndirangu kwa macho ya mtoto, kwa hivyo unapakumbuka pazuri kupita kiasi. Bustani ile ya michezo ilikuwa nje kidogo ya mji wa Nyeri, kwenye barabara ya kwenda Naro Moru, na mashine zilikuwa nne tu: treni ya watoto, farasi wa kuzunguka, gurudumu ambalo tuliliita kubwa kwa heshima tu, na bembea za minyororo ambazo ndizo zilikuwa zangu. Mzee Ndirangu alikuwa ametengeneza mashine za kahawa viwandani kule Othaya mpaka magoti yakakataa, ndipo akaamua kuwazungusha watoto wa watu. Hakuwa malaika. Vyoo vyake vilinuka mpaka barabarani. Mshahara alitoa akijisikia. Na mkono wake ulikuwa mwepesi sana.

Wiki yangu ya kwanza niliwasha bembea zikiwa na watoto kabla ya kuzisikiliza. Alikuja mbio na yale magoti yake mabovu, akanizaba kofi mbele ya wazazi hadi sikio likaimba. Unajua watu wa Nairobi wanavyopenda kutucheka, eti wanawake wa Nyeri huwapiga waume zao. Mimi sikuwahi kuwa na mume wa kupiga, basi ngumi zangu zilikuwa zimekaa bure zikimngoja mtu. Nikachukua spana kubwa nimpasue kichwa. Mzee hakuinua mkono kujikinga. Alinitazama tu.

"Piga," akasema, "lakini kwanza simamisha mashine."

Nikaisimamisha. Watoto wakashuka. Akapanda ngazi, akanionyesha pini moja kule juu iliyokuwa imetoka nusu. Nilipoiona, spana ikawa nzito mkononi na sikuweza kumpiga tena.

Tangu hapo nikashika desturi ya mahali pale kama watu wengine wote. Kila siku ya kufungua, kabla ya geti kuachiliwa, kila mwenye mashine alimpandisha mtoto wake mwenyewe mzunguko wa kwanza. Asiye na mtoto aliazima mpwa. "Mashine tupu hudanganya," Mzee alikuwa akisema. "Weka damu yako juu yake, ndipo utasikia." Na wewe ndiwe uliyekuwa damu yangu. Nilikufunga mshipi kwenye kiti cha nje, nikawasha polepole, kidole kikiwa juu ya kitufe chekundu. Ukicheka, nilijua mnyororo umekaa sawa. Ukinyamaza, nilijua kiti kinavuta upande, nikasimamisha. Siku moja ulipiga mayowe ukiwa juu kabisa, nikakibonyeza kitufe kwa kiganja kizima. Kumbe ni nyuki ameingia kwenye sweta. Foleni nzima ilinicheka. Mzee hakucheka. Alisema heri nyuki, akaenda zake.

Unamkumbuka yule mwenye bucha? Mtoto wake aliangushwa na farasi akapoteza meno ya mbele. Baba mtu alikuja na aproni yake ya damu ya ng'ombe, akamuuliza Mzee kama ndiye mwenye mahali hapa. Mzee akasema ndiye. Akazabwa kofi la kulia, akazabwa la kushoto, kofia ikaanguka kwenye vumbi. Mzee aliiokota lakini hakuivaa. "Ni haki yako," akasema. "Mtoto yuko wapi?" Akafunga farasi, akaandamana naye hospitalini na kofia mkononi. Ilipofika Krismasi yule mwenye bucha alimletea mguu wa mbuzi. Nakukumbusha kisa hicho kwa sababu ndicho nilichokuja kupimia kila kitu kilichofuata.

Mzee alizeeka, watoto wake hawakutaka grisi, akauza. Kampuni iliyonunua ilikuwa na bustani kama ile katika miji mingi, na zote zilipakwa rangi moja. Nitakuwa mkweli, baba: mwanzoni nilifurahi. Vyoo vilisafishwa hadi ungeweza kulia ugali ndani yake. Mshahara ukaja kila mwisho wa mwezi. Nilipewa buti mpya, nikaimba njia nzima hadi nyumbani.

Halafu vikaanza kuondoka vitu vidogo vidogo. Mpiga gitaa wa Jumamosi akafukuzwa, tukaletewa wimbo mmoja unaolia kutwa nzima kwenye spika, ule ule unaolia miji yote. Tukafundishwa maneno. Kila mgeni aambiwe, "Karibu kwenye siku yako bora kabisa," mkono ukiwa kifuani na meno yakiwa nje, hata kama mtoto wake anatapika juu ya buti zako. Kulikuwa na watu wanaokuja kama wateja kumbe wametumwa kuhesabu meno yetu. Mpishi wa chai na nduma za kuchemsha akaondolewa. Chakula cha kutoka nje kikakatazwa getini.

Ndipo akaja cucu mmoja kutoka Othaya na wajukuu wake, ana ngwaci, viazi vitamu vya kuchemsha, ndani ya kiondo. Soja wa getini akashika kiondo. Cucu naye akakishika. Ikawa mvutano, hadi ukamba ukakatika, na yule soja akamsukuma akaanguka kifudifudi kwenye kokoto. Ngwaci zikatupwa kwenye pipa mbele ya wajukuu wanaolia. Mimi nilikuwa pale karibu, na nyuma yangu alikuwepo mmoja wa wale wahesabu meno. Basi nikamwinua cucu kwa mkono mmoja, mwingine nikauweka kifuani, nikamwambia, "Karibu kwenye siku yako bora kabisa." Alinitazama na damu kwenye meno yake. Hakunitukana. Afadhali angenitukana, kwa maana macho yale hunijia hata nikiwa kanisani.

Kisha wakakataza desturi ya mtoto wa nyumbani. Walisema bima hairuhusu jamaa za wafanyakazi kupanda. Asubuhi tuliwasha mashine tupu, ikizunguka tunabonyeza alama ya kijani kwenye simu, basi. Fundi akawa mmoja kwa miji yote ya mlimani, leo Nanyuki, kesho kutwa mji mwingine. Kitufe chekundu kikafunikwa kwa kifuniko cha plastiki, na kukibonyeza ilikuwa lazima kwanza uombe ruhusa kwa meneja kwenye redio, kwa sababu kila mashine iliposimama ghafla tawi letu lilipunguziwa maksi huko makao makuu.

Na meneja mwenyewe alikuwa Wekesa. Kijana wa kutoka upande wa Bungoma, mpole, shati limepigwa pasi hata siku ya mvua. Nitakuandikia jinsi tulivyomtendea, maana ni sehemu ya kosa langu. Hatukumwalika kwa chochote, si ruracio ya kupeleka mahari, si matanga, hata chai hatukumwalika. Alipokaribia, tuligeuza mazungumzo yakawa Gikuyu. Alikula peke yake nyuma ya stoo. Wewe peke yako ndiye uliyemzoea, kwa sababu alikuwa akikuonyesha hesabu ulipopitia pale ukitoka shuleni. Mimi nilijua ni meneja, na hilo nikaliona linatosha.

Siku yenyewe ilikuwa ya kufunga shule. Mkubwa kutoka Nairobi alikuwa anakuja kukagua. Anayevaa twiga, lile vazi kubwa la kitambaa lenye shingo ndefu, alikuwa mgonjwa, na sheria ilisema kila basi la watoto lipokelewe na twiga getini. Wekesa akalivaa mwenyewe. Basi la watoto kutoka Kutus likaingia, bembea zangu zikajaa.

Nilisikia katika mzunguko wa tatu. Sauti kama ya mtu anayesaga meno usingizini. Nikachukua redio.

"Wekesa, kuna kitu inalia huku kwa bembea. Nataka kusimamisha."

Pumzi tu ikasikika kwanza, nzito, ya mtu aliye ndani ya gunia. "Mama Githinji, hii round si imalizike tu? Huyo mkubwa ashafika hapa geti. Please."

Sikiliza vizuri hapa. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kile kifuniko. Kukifungua ni kama kufungua kopo la mafuta ya kujipaka. Nilikuwa nimesikia, nilikuwa najua, na nikangoja nipewe ruhusa na mtu asiyeweza hata kuiona mashine kutoka alipokuwa.

Pini ikakatika. Kiti kikaruka na msichana ndani yake, kikavuka fensi, kikagonga chuma cha kibanda cha tiketi. Ile sauti ya kugonga sitakuandikia, wewe uliisikia. Mguu wake ulikuwa umekunjika mahali ambapo mguu hauna kiungo. Nilibonyeza kitufe baada ya hapo. Watoto wengine waliendelea kuzunguka juu ya kichwa changu wakilia mpaka mashine ikaishiwa mwendo.

Watu waliingia kutoka kila upande. Walimu, wazazi, watu wa bodaboda wa pale steji, wenye vibanda. Kilio chao kilikuwa kimoja tu: "Mwenye hapa ni nani? Mwenye ni nani?" Gari la mkubwa lilikuwa limegeuka, linarudi Nairobi. Ofisi ilikuwa imefungwa. Kwenye ukuta kulikuwa na picha ya familia ya Wazungu wanacheka, na hakuna aliyewajua. Wakakivunja kibanda, wakakitia moto. Wakawapindua farasi, wakawapasua vichwa kwa mawe. Spika ziliendelea kupiga ule wimbo hadi mtu akazikata kwa panga. Halafu kikundi kikanijia. Mmoja alikuwa na jiwe la jengo mikononi, zito, analishika kama mtu anayebeba mtoto.

"Ni wewe ulikuwa unaendesha! Si ni wewe?"

Niliogopa, baba. Na ndani ya woga ule mlikuwa na hasira ya kila kitu: ya cucu, ya kifuniko, ya meno yangu kuhesabiwa. Twiga alikuwa amesimama getini anahangaika, zipu iko mgongoni na mikono yake haifiki. Nikanyoosha kidole.

"Meneja ni huyo! Ako ndani ya twiga!"

Wewe ulikuwa karibu na fensi, na sweta ya shule. Uliuona mkono wangu.

Walimwangukia. Shingo ndiyo iliyovunjika kwanza, ya kitambaa, ikalala upande, na naapa kuna watu waliocheka, kwa sababu ni vigumu kutocheka twiga akipigwa. Kisha kitambaa kikaanza kulowa, na wengine hawakuacha kucheka hata hapo. Mtu akapaza sauti, "Na si hata wa huku!" kama vile hilo ndilo kosa. Nilikuwa na spana yangu. Hakuna aliyenisukuma, nilikwenda kwa miguu yangu. Nilipiga mara moja, kichwani, kwa nguvu zote za mwanamke aliyebeba mawe ya kujengea nyumba yake mwenyewe. Wekesa alipoteza jicho siku ile. Sijui ni mkono wa nani uliolitoa na sitajua, kwa hivyo nimejizoesha kusema ni wangu.

Ningepiga tena. Ni wewe uliyenishika kiuno ukanivuta nyuma, na sauti yako ilikuwa ndiyo kwanza inavunjika.

"Mum, wacha! Ni Wekesa! Mum, ni Wekesa!"

Katika umati ule wote hakuna mwingine aliyelitaja jina lake. Polisi wakaja na gesi, tukatawanyika tukitema mate na machozi.

Nilikwenda hospitalini kumwona. Usinipe sifa, nilikwenda nikiwa na maneno ya kummaliza. Kando ya kitanda alikuwapo mama yake, amefika na basi kutoka Bungoma, ameshika kiatu kimoja cha mwanawe mapajani. Aliinuka akanisalimia kwa mikono miwili. "Asante mama kwa kumkumbuka mtoto wangu," akasema, akanimiminia chai kutoka thamosi yake. Nikainywa. Sijawahi kumeza kitu kigumu kama chai ile.

Wekesa aliitambua sauti yangu. Aliuliza kama yule mtoto aliishi. Nikamwambia yuko hai. Akasema kwamba asubuhi ile alikuwa amepiga simu makao makuu kuhusu bembea, wakamwambia fundi yuko Nanyuki, atakuja wiki inayofuata, na asifunge.

"Si ungefunga tu!" nikamwambia.

"Na wewe, mama, si ungebonyeza?"

Hakumwambia mama yake ni nani aliyenyoosha kidole. Alikuwa anajua, kwa sababu ndani ya kile kichwa cha twiga masikio bado yalikuwa yake.

Kampuni ilituma maua. Kadi yake ilitoa pole kwa wakazi wa mji mwingine kabisa, sijui kulikuwa na nini huko. Kuhusu Wekesa walisema ameajiriwa na wakala, si wao. Mashine wakazikata, wakaziuza kama vyuma chakavu. Mimi nikapanda gari hadi Nairobi na spana kwenye mkoba. Nilitaka mtu wa kupiga, sina haja ya kupamba maneno. Nilifika kwenye jengo lao la vioo, nikamkuta binti mdogo mapokezi, nywele zimesukwa vizuri, uchovu umemjaa machoni. Akaweka mkono kifuani, akatoa meno. "Karibu kwenye siku yako bora kabisa." Niliuliza mwenye kampuni. Akasema wenyewe ni wengi, wengine wako ng'ambo, na hata yeye hajawahi kuwaona. Nikatazama lile jengo lote, na shavu pekee lililokuwa karibu nami lilikuwa la yule binti. Nikarudi Nyeri.

Kutoka hapo nilikwenda Kutus. Nilimpata mama wa yule msichana sokoni, anauza nyanya. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa kwenye kitufe. Aliinuka akanizaba makofi, sikumbuki mangapi, mpaka wenzake wakamshika. Sikuinua mkono. Nilipofika hapo nikamwelewa Mzee Ndirangu na kofia yake. Yule mama alipochoka kupiga alilia, kisha akanisukumia kigoda kwa mguu, nikakaa. Msichana anatembea, anachechemea. Mama yake hunipokea nikienda, ingawa bado hajanisamehe, na sijamwomba. Kampuni haikufika Kutus hata siku moja. Ingemtuma nani?

Sasa unaelewa sufuria. Kampuni haina shavu, baba, ndiyo maana huajiri mashavu ya watu wengine. Wekesa alikuja kwetu akiwa mgeni akawa shavu lake. Kesho wewe unakwenda upande wa kwao, uwe mgeni huko, na twiga kifuani. Siku pini itakapokatika, kuna mama atakayeuliza mwenye hapa ni nani, na mama huyo atakuwa na nguvu kama zangu. Hilo ndilo ninaloliona kila nikifumba macho tangu juzi: si wewe ukiua mtoto wa mtu, Mungu apishe mbali, bali mimi mwenyewe nikikujia na spana.

Nilikuwa nimeamua kukukataza. Lakini ulipokuwa unazoa githeri sakafuni, bado una nyingine kwenye nywele, ulisema jambo.

"Mum, kama watu wenye waliona wote watakataa hii kazi, kitufe itabaki na nani?"

Nikajifanya natafuta ufagio. Mtoto wa nyoka ni nyoka, nami sikutegemea uwe kondoo moyoni ukiwa umenyonya kwangu. Kwa hivyo nenda. Nitakuambia machache tu niliyoyalipia.

Ukifika Kakamega, kabla hujaijua ofisi, wajue watu wa getini. Kula kwao. Jifunze kusalimu kwao hata ukikosea wakucheke. Uliza mama wa kila mtu anaitwa nani, na waambie wako anaitwa Wairimu. Nilimpiga Wekesa kwa wepesi ule kwa sababu sikujua chochote chake, hata kwamba ana mama anayeweza kunipa chai. Hawatakupenda kwa hilo peke yake, lakini mkono wao utachelewa kidogo, na kuchelewa kidogo ni kitu kikubwa.

Kifuniko cha kitufe king'oe siku ya kwanza. Wakikuuliza, sema kilivunjika. Atakayekuita kwenye redio kuomba ruhusa, mwambie ruhusa alishapewa tangu juzi. Maksi zikipungua, zipungue. Na kichwa cha twiga usikivae, hata mkubwa gani akija, hata aliyezoea kukivaa akifa. Mtu anayewajibika aonekane uso. Wakikufukuza kwa hayo, rudi, sufuria nimeinyoosha.

Wekesa yuko Bungoma, ana duka la kutengeneza redio na simu. Nimekuwekea shati lililopigwa pasi ndani ya begi, si lako, ni lake. Usiseme ni zawadi kutoka kwangu. Mpe tu, kaa naye, na akikupa chai uinywe.

Na siku ya kufungua nitakuja. Usinitumie tiketi, nitanunua, nitapanga foleni na watoto, wacheke wakitaka kucheka. Najua bima itasema nini kuhusu jamaa za wafanyakazi, basi usiwaambie mimi ni nani. Nitapanda bembea za minyororo, kiti cha nje, mzunguko wa kwanza kabla ya mtoto wa mtu yeyote. Niko mzito kuliko ulivyokuwa wewe, mashine itasema ukweli upesi. Wewe usinipungie mkono. Weka kidole kwenye kitufe na masikio kwangu.

Nikicheka, wafungulie wengine. Nikinyamaza, punguza. Na nikipiga mayowe, baba, usiulize kama ni nyuki. Simamisha.

Mamako,
Wairimu